Moto unavyoamua faida ya soya kwa kuku na ng'ombe

MAGUNIA mawili ya soya kutoka shamba moja yanaweza kupimwa katika maabara na kupatikana yana kiwango sawa cha protini, ilhali kuku wanaolishwa soya ya gunia la kwanza wananawiri nao wa gunia la pili wanadumaa. Tofauti hiyo haitokani na udongo wala mbegu, bali na moto uliotumiwa kuitayarisha.

Suala hili linawahusu wafugaji wengi nchini ambao, kutokana na bei ghali ya chakula cha madukani, wameamua kujichanganyia wenyewe kwa kutumia mahindi, pumba, omena na soya. Soya ndiyo tegemeo kuu la protini katika mchanganyiko huo, kwani takriban asilimia 40 ya uzito wake ni protini na karibu asilimia 20 ni mafuta.

Ili kuelewa kazi ya moto, ni vyema kuifikiria protini kama uzi wa shanga. Kila ushanga ni asidi ya amino, na uzi wenyewe umekunjwa na kujisokota kwa namna maalumu. Mnyama anapokula, vimeng'enya vya tumboni huukata uzi huo vipande vipande hadi shanga zitengane na kuingia katika damu. Ikiwa mikunjo imekaza mno, au kitu kingine kimevizuia vimeng'enya, protini hupita tumboni na kuishia kwenye kinyesi.

Soya mbichi ina kizuizi cha aina hiyo. Ndani yake mna protini ambazo hunasa kimeng'enya kiitwacho tripsini na kukilemaza, mithili ya kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli. Kongosho la kuku hujaribu kufidia upungufu huo kwa kutengeneza tripsini zaidi, likavimba na kutumia asidi za amino zenye salfa ambazo tangu mwanzo ni haba katika soya. Hivyo basi, ndege hupoteza mara mbili: hapati protini ya chakula, na anatumia akiba ya mwili wake.

Jambo hili si geni. Mnamo 1917, watafiti wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, walionyesha kuwa panya waliolishwa soya mbichi hawakukua ipasavyo, lakini soya hiyo ilipopikwa, walikua vizuri.

Sababu ni kwamba kizuizi hicho nacho ni protini. Joto hulegeza mikunjo yake, likageuza umbo lake, nacho kikashindwa kuinasa tripsini. Joto lenye unyevu hufanya kazi hiyo haraka kuliko joto kavu. Ndiyo maana mfugaji asiye na mtambo wa kukaangia anaweza kuchemsha soya kwa takriban nusu saa, kuianika juani hadi ikauke kabisa, kisha kuisaga.

Hata hivyo, moto huohuo ukizidi, unaharibu ulichokuwa umejenga. Asidi ya amino iitwayo lisini hushikamana na sukari iliyomo katika punje, na kiungo hicho vimeng'enya haviwezi kukivunja. Mwanakemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza mmenyuko wa aina hii mwaka 1912. Ndio unaoipa chapati rangi ya hudhurungi na kahawa iliyokaangwa harufu yake. Kwa mlaji wa chapati hiyo ni ladha, lakini kwa kuku ni hasara, kwa maana lisini ni miongoni mwa asidi ambazo mwili wake hauwezi kujitengenezea.

Hapa ndipo vipimo vya kawaida vinapoweza kumpotosha mnunuzi. Mbinu iliyobuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883 hupima nitrojeni, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25 ili kukadiria protini. Nitrojeni haiondoki kwa sababu tu lisini imefungwa. Kwa hivyo, soya mbichi, iliyoiva na iliyoungua zinaweza kuandikiwa asilimia moja kwenye lebo.

Lipo jaribio rahisi la kutambua soya ambayo haijaiva. Mbali na vizuizi, soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, nacho huharibiwa na joto karibu sambamba na vizuizi hivyo. Unga kidogo wa soya ukichanganywa na mbolea ya urea na maji katika chupa, ikafunikwa kwa muda wa dakika 20 hivi, harufu kali ya amonia ni ishara kwamba moto haukutosha. Mchanganyiko huo ni sumu na sharti umwagwe mbali na mifugo.

Lakini soya iliyoungua pia haitatoa harufu hiyo. Ili kuitambua, maabara hupima ni kiasi gani cha protini kinachoyeyuka katika maji yenye asilimia 0.2 ya haidroksidi ya potasiamu. Kikizidi asilimia 85, soya haikuiva vyema. Kikiwa chini ya 70, imepikwa kupita kiasi. Nyumbani, rangi nyeusi na harufu ya kuungua zatosha kumtahadharisha mfugaji.

Kwa ng'ombe, hesabu ni tofauti kidogo. Tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu ambavyo huvunja sehemu kubwa ya protini kabla haijafika mbele. Kukaanga kwa kiasi huifanya protini iwe ngumu kwa vijidudu hivyo, ikapita na kusagwa kwenye utumbo, jambo linalomfaidi ng'ombe wa maziwa mengi. Moto ukizidi, hata utumbo hushindwa. Nyasi zilizofungwa marobota kabla ya kukauka hupatwa na madhara hayohayo: hupata joto zenyewe, zikawa na rangi na harufu ya tumbaku. Ng'ombe huweza kuzila kwa hamu, lakini sehemu ya protini yake imekwisha kufungwa.

Aidha, moto si dawa ya kila kasoro. Sumu ya aflatoksini inayotokana na ukungu haiondolewi na upishi wa kawaida, na ng'ombe anayelishwa nafaka zenye sumu hiyo huipitisha katika maziwa. Punje zilizoota ukungu hazifai kukaangwa kwa matumaini ya kuziokoa.

Kwa mfugaji anayenunua soya iliyokwisha kukaangwa, basi, kuuliza kiwango cha protini ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni jinsi ilivyopikwa na kwa muda gani, kwani kuku halishwi nambari iliyoandikwa kwenye gunia, bali kile ambacho tumbo lake linaweza kukisaga.