Kisiwa Hakina Benki: Jinsi ya Kupanga Likizo ya Wasini Ukiwa Machakos

Mwaka juzi tulipoteza shilingi 15,000 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Tunaifanya kazi hii ya pesa kwa simu kila siku, tunawafundisha wateja wasitapeliwe, na bado tulitapeliwa. Tunaanza na kisa hicho kwa sababu hatutaki yakupate.

Tulikuwa watu watano. Wanne tunafanya kazi pamoja hapa Machakos. Wa tano ni mama wa mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kathiani, ambaye sote tunamwita Mwaitu. Alifundisha watoto kuchora bahari kwenye ramani kwa miaka mingi bila kuiona hata siku moja. Watoto wake wakachanga, nasi tukachanga, tukasema twende naye pwani mahali patulivu pasipo na kelele za magari wala disko.

Tulipata picha za nyumba nzuri mtandaoni. Mwenyewe kwenye simu alikuwa mtu wa heshima sana, "shikamoo mama" nyingi. Akasema kuna familia nyingine inaitaka nyumba ileile, kwa hiyo tutume 15,000 kabla ya saa sita. Tulipoingiza nambari, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile alilotupa. Tuliliona. Tukaambiana labda ni la mke wake. Tukathibitisha.

Kesho yake, mteja hapatikani. Tulipoomba muamala urudishwe, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Pesa ikishafika hapo, hata sisi tulio ndani ya biashara hii hatuna la kuzuia. Kibaya zaidi, Mwaitu alikuwa ameshawaaga kina mama wa kanisa.

Mwaka uliofuata tulirudi mezani na kupanga upya, hatua kwa hatua. Mpango wenyewe ndio huu.

Kwa nini Wasini?

Wasini ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya Shimoni, Kaunti ya Kwale, kama kilomita 75 kusini mwa Mombasa. Ni chembamba na hakina magari. Watu wake wengi ni Wavumba, wavuvi wenye Kiswahili chao cha Kivumba, na vijiji vinavyojulikana zaidi ni viwili: Wasini na Mkwiro. Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu, na kikundi cha kina mama kimejenga njia ya mbao ya kuipitia. Upande wa pili wa kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye pomboo, kasa na samaki wa kila rangi.

Ukitaka kupumzika, ndipo hapo. Lakini kumbuka jambo moja: kisiwani hakuna benki wala ATM. Ulichopanga kabla ya kupanda boti ndicho utakachokitegemea.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua chumba

Bahari ina kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na hapo maji huwa matulivu na maangavu, mazuri kwa kutazama matumbawe. Masika huja Aprili na Mei. Kusi huchafua bahari katikati ya mwaka, ingawa nyangumi hupita kati ya Julai na Septemba, na wapo wanaosafiri kwa ajili yao tu.

Sisi tulichagua Februari. Shule zimefunguliwa, wageni wa Krismasi wamerudi makwao, na mwenye nyumba ana nafasi ya kusikiliza bei yako.

Hesabu kwanza, ndoto baadaye

Hii hapa hesabu yetu ya watu watano kwa siku tatu. Bei zako zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kuandika.

- Treni, kwenda na kurudi: 15,000
- Matatu za Machakos hadi Athi River, kwenda na kurudi: 2,000
- Usafiri wa Miritini hadi Shimoni, kwenda na kurudi: 7,000
- Boti ya kuvuka, kwenda na kurudi: 3,000
- Vyumba vitatu kwa 2,500, usiku tatu: 22,500
- Chakula: 18,000
- Siku moja ya bahari, yaani boti, vifaa na kiingilio cha hifadhi: 15,000
- Dharura na ada za kutoa pesa: 7,500

Jumla ni shilingi 90,000, yaani 18,000 kwa kila mtu.

Kwa treni tulipiga hesabu ya 1,500 kwa mtu, ambayo ndiyo nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa tangu Januari 2024. Ukipandia njiani, nauli hutegemea kituo.

Usiruke ule mstari wa dharura. Watu wengi hupiga hesabu ya kwenda, wakasahau kwamba hata kurudi kunalipiwa. Likizo inayoisha kwa kuomba fuliza ya nauli huko Mombasa si likizo tena.

Shilingi 500 kwa wiki, mos mos

Ukisikia 18,000 unaweza kukata tamaa. Igawanye. Shilingi 500 kwa wiki, kwa wiki 36, ni 18,000 kamili. Tulianza mwishoni mwa Mei, na kufikia mwisho wa Januari kila mtu alikuwa amemaliza.

Mambo matatu yalitusaidia.

Kwanza, hatukuweka akiba kwenye salio la matumizi. Pesa iliyo kwenye salio ina miguu: itaenda kwa mafuta, kwa harambee, kwa data. Ihamishie kwenye akaunti ya akiba ya simu, tena ile inayokuwekea muda kabla ya kutoa.

Pili, tulichagua siku moja, Jumatatu, siku moja baada ya sadaka na siku nne kabla ya starehe za Ijumaa. Mwaitu alitushinda sote. Yeye alikuwa akiweka pesa zake siku ileile anapouza maembe, kabla hajatoka sokoni.

Tatu, tulikuwa na mweka hazina mmoja na daftari moja. Kila mwisho wa mwezi alituma taarifa kwenye grupu: nani ameweka, nani bado. Hakuna aliyenuniwa, lakini hakuna aliyejificha pia.

Kabla ya kutuma arbuni

Arbuni ni ile pesa ya kushikilia chumba, na hapa ndipo tulipoangukia mara ya kwanza. Mara ya pili tulijiwekea masharti haya, na tunakuomba uyafuate kama sheria.

*Tafuta mtu wa pili wa kuthibitisha.* Usimuulize mwenye nyumba peke yake. Tulipiga simu kwa watu waliowahi kulala hapo na kwa nahodha wa boti wa Shimoni. Kama nyumba ipo kweli, kijiji kinaijua.

*Uliza leseni.* Nyumba za kulaza watalii Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Mwenye biashara halali hakasiriki ukiuliza.

*Omba simu ya video.* Mwambie atembee kutoka mlangoni hadi baharini. Yule wa kwanza, tulipomwomba picha nyingine tu, alisema kamera imeharibika. Hapo tungekata simu.

*Lipa kwa till au paybill ya biashara ikiwezekana.* Jina la biashara hutokea, na mara nyingi mteja hakatwi ada akilipa kwa till. Kama ni mama wa kijijini asiye na till, si kosa lake. Mtumie kwa nambari yake, lakini kwa sharti linalofuata.

*Jina lisipolingana, simama.* Kabla ya kuthibitisha muamala, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Hilo jina ndilo mlango wako wa mwisho. Kama uliambiwa ni Fulani na simu inasema Fulana, bonyeza "ghairi", mpigie, muulize. Ukweli una majibu mafupi. Sekunde kumi za kusoma jina zingetuokolea shilingi 15,000.

*Usilipe zote.* Mwenyeji wetu wa Wasini aliomba theluthi moja, 7,500, na salio tulipe tukifika. Tulituma, tukahifadhi ujumbe wa muamala, tukamwomba atuandikie kwa meseji tarehe, idadi ya vyumba na salio lililobaki.

Na mtu yeyote akikuharakisha, ati "ni sasa ama ukose", basi kosa. Kisiwa hakiondoki.

Ikiwa tayari umetuma na umeshtuka, usingoje asubuhi. Omba muamala urudishwe na upigie huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, kisha upige ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Kila dakika unayongoja ni nafasi ya pesa kutolewa. Na jihadhari na anayekupigia akidai atakurudishia pesa ukimpa PIN. PIN haiombwi na mtu, hata sisi hatukuombi.

Siku ya safari

Kutoka Machakos una njia mbili. Unaweza kushuka hadi Kyumvi, pale njia panda ya Mombasa Road, ukapanda basi. Au uende Athi River ukapande treni ya vituo vyote, ile inayoondoka Nairobi saa mbili asubuhi. Tulichagua treni kwa sababu ya magoti ya Mwaitu. Tiketi tulilipia mapema kwa simu. Hakikisha majina ni yale ya kitambulisho, maana kituoni hukaguliwa.

Treni hufika Miritini mchana. Ukipitia Likoni, abiria wa miguu hawalipi feri. Siku hizi kuna pia barabara ya Dongo Kundu inayokutoa upande wa Miritini hadi Kwale bila kuingia mjini, na gari la kukodi la watu watano linaweza kupita huko. Lenga kufika Shimoni kabla ya jua kuzama. Ukiona umechelewa, lala Ukunda ama Shimoni uvuke asubuhi.

Muulize nahodha habari za maji pia. Bahari inapokupwa, boti haifiki ngazini, nawe utatembea majini ukiwa na mzigo kichwani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama mwandamo, maji hutoka mbali zaidi.

Simu ndiyo benki yako

Baada ya kulipa treni na arbuni tulibaki na takriban 67,000. Hatukuziweka kwenye simu moja. Tuliziweka kwenye laini mbili za watu wawili, pamoja na noti ndogo ndogo za 50, 100 na 200 kwa ajili ya boti, maji na vitafunio.

Tulivuka maji yakiwa yamekupwa. Mwenzetu aliteleza, simu ikalowa, ikazima hapohapo. Kama pesa zote zingekuwa humo, tungelala tukitazamana. Tulitumia laini ya pili, na ya kwanza tukaifungia kupitia huduma kwa wateja hadi aliporudi bara kutengeneza. Kwa hiyo beba mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, na betri ya akiba iliyojaa. Sehemu nyingine za kisiwa mtandao ulitukatikia, basi tulilipa madeni yetu tukiwa kijijini, si porini.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Fanya hivyo ukiwa na mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho, kwa sababu viwango vya Wakenya si vya wageni. Mtu akikuambia umpe yeye taslimu akulipie, mwombe risiti kabla boti haijaondoka.

Na ukiwa kijijini, kumbuka uko nyumbani kwa watu. Ni kijiji cha Waislamu: funga leso, piga hodi, uliza kabla ya kupiga mtu picha. Nunua kwa kina mama wa hapo. Pesa yako ikibaki kisiwani, safari imemfaidi pia aliyekupokea.

Tulichonunua

Siku ya pili, Mwaitu aliketi kwenye ngazi ya mawe, miguu ndani ya maji, sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka mapajani. Alituuliza deni la safari ni kiasi gani. Tukamwambia hakuna. Akauliza tena, maana hakuamini. Mweka hazina akatoa daftari, akamwonyesha mstari wa mwisho. Akalisoma lote kama anasahihisha mtihani, akalirudisha, akaendelea kula.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Alikuwa ameshindwa kustarehe kwa siku nzima akifikiri tumekopa kwa ajili yake. Alasiri hiyo alilala usingizi barazani hadi magharibi.

Kama nawe una mtu wa kumpeleka, ama wewe mwenyewe umechoka, anza Jumatatu hii. Weka 500 kwenye akiba, andika tarehe, na ukifika siku ya kutuma arbuni, soma jina kabla ya kuthibitisha.