Akiba ya Mafuta Katika Safari Ndefu

Zamani Wasumbwa wa Ushirombo na jirani zao Wanyamwezi walichukua mizigo kwa miguu hata pwani, safari ya miezi. Nguvu hizo zilitoka wapi?

Mwili una akiba mbili. Ya kwanza ni sukari itokayo katika ugali na viazi, nayo hukaa katika misuli na ini. Huwaka upesi kama nyasi kavu, lakini ni haba. Ya pili ni mafuta, yaliyo kama gogo la mninga: gramu moja hutoa nguvu kupita mara mbili ya gramu ya sukari, na hata mtu mwembamba anayo ya siku nyingi. Ila huwaka polepole, tena hutaka hewa nyingi.

Zote mbili huwaka pamoja. Lakini mpagazi aendaye taratibu hutumia zaidi mafuta, na akimbiaye kwa kasi hutumia zaidi sukari. Ndiyo maana wavulana wengi huanza mbio ndefu kwa pupa, kisha huketi njiani. Katika mbio za kilometa 42, wengi huishiwa sukari karibu na kilometa ya 30, miguu ikawa mizito kama mawe. Mazoezi ya miezi mingi huuzoeza mwili kuchoma mafuta zaidi, na sukari ikabakizwa.

Huko Tokyo mwaka 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania, baada ya mwendo huo wote, aliweza bado kuongeza kasi mwishoni, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja.