ULIKUWA WAPI SIKU ILE?

 Leo tunazungumza juu ya swali moja ambalo watu wa Kivu tunaulizana kila tunapokaa pamoja jioni: wewe ulikuwa wapi siku ile?

Siku ile ni ipi? Kila kizazi kina yake. Mzee atakutajia kifo cha Lumumba. Mama aliyekuwa msichana mwaka 1996 atakumbuka Oktoba, vita vilipoingia mjini na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa Nyawera tarehe 29. Mwingine ataanza na Agosti 1998, ao na Juni 2004, wakati watu wa Nkunda na Mutebutsi walipokamata mji. Watoto wetu watasema Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu.

Swali hilo si la kupitisha jioni tu. Jibu lake linaweza kumpa mjane haki yake. Linaweza pia kuchomesha nyumba ya jirani asiye na kosa. Ndiyo maana ninakuomba ujifunze kutenga mambo mawili: lile uliloliona kwa macho yako, na lile uliloambiwa.

Tazama mfano wa Lumumba. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wakubwa wa Katanga walitangaza kifo chake tarehe 13 Februari tu, na wakasema wanakijiji ndio waliomwua, maneno ambayo hayakuwa kweli. Basi mzee anayesimulia namna kijiji kilivyolia, kilio chake ni cha Februari, hata kama leo anakiweka Januari kwa sababu sikukuu iko Januari. Hasemi uongo. Siku ya tukio na siku ya habari zimeungana kichwani mwake. Ndivyo ilivyokuwa tena kwa Mzee Laurent-Désiré Kabila: alipigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001, lakini serikali ilikubali kifo chake tarehe 18. Siku zile mbili uvumi ulijaza nafasi, na uvumi ukikaa muda mrefu unavaa nguo za kumbukumbu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka na kuua watu saba waliokuwa ndani. Kesho yake, mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliomba wanafunzi waandike walikuwa wapi walipopata habari. Karibu miaka mitatu baadaye aliwauliza tena 44 kati yao. Watu 11 walikosea mambo yote makuu: fasi, walichokuwa wakifanya, nani aliwaambia. Wengi walikuwa na hakika kabisa, na wengine walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe walishangaa. Na hao hawakuwa wakikimbia risasi huku wamebeba mtoto mgongoni.

Sasa tuje kwenye sheria. Tuseme mama alipotezana na mumewe kwenye njia ya Walungu mwaka 1996, na mwili haukuonekana. Sheria ya Familia ya nchi yetu inaruhusu tribinali kutangaza kifo cha mtu aliyepotea katika hatari, hata bila mwili. Bila hukumu hiyo, shamba na kiwanja vinabaki mikononi mwa mashemeji. Lakini hakimu atauliza: nani alimwona mwisho, fasi gani, siku gani? Shahidi anayesema “kila mtu anajua alikufa” hamsaidii mama huyo. Anayesema “nilimwacha karibu na daraja, siku ya soko, alikuwa anachechemea” amemsaidia sana.

Kwa makosa makubwa ya vita ni vilevile. Makosa hayo hayaozi kwa kupita miaka. Desemba 2017, pale Kavumu, korti ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa ubaya waliowatendea watoto wa kike. Mashahidi wengine walifunikwa sura wasitambulike. Kumbuka hilo ukiambiwa kwamba kusema ni kujiua tu.

Basi ukiwa na daftari, andika: nilisimama wapi, nilikuwa na nani, niliona nini. Kama tarehe imepotea, tafuta alama: misa, soko, mvua, mavuno, siku shule ilipofunga. Halafu geuza ukurasa, uandike niliyosikia, na kwa nani. Usiandike “walikuwa kabila fulani” kwa sababu ya lugha uliyosikia gizani. Andika maneno uliyoyasikia. Huku kwetu lugha moja inasemwa na watu wengi, na mpaka wenyewe ni mto tu. Daftari lenye majina usitembee nalo kwenye vizuizi. Liache kwa mtu unayemwamini.

Ninyi mashefu, msikusanye watu uwanjani na kudai kila mmoja ataje nani alimfanya nini. Nimeona mikutano ya namna hiyo: wa kwanza anasema, wa pili anaongeza, wa tano anasimulia ya wa kwanza kama yake. Sikiliza mmoja mmoja, mlango umefungwa, na usimpe jina ambalo yeye hakulitaja. Mwanamke asiyetaka kusema asilazimishwe, hata na mumewe. Akisema niko tayari miaka kumi kutoka leo, mlango wako uwe wazi siku hiyo.