Dawa za Afya ya Akili kwa Watoto: Anachojifunza Mwanafunzi wa Famasia

Mtoto anapoandikiwa dawa za afya ya akili, mtu wa mwisho kuzungumza na mzazi kabla ya kurudi nyumbani ni mhudumu aliye kwenye dirisha la famasia. Asipoeleza vyema, kosa hufanyika nyumbani, mbali na macho ya daktari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hivyo mwanafunzi wa famasia anahitaji kuelewa matibabu ya watoto, si ya watu wazima pekee. Nchini Kenya, shahada ya famasia huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini.

Somo la kwanza ni kipimo. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kuzingatia umri na, mara nyingi, uzito wake. Kumgawia nusu ya tembe ya mtu mzima ni hatari.

La pili ni subira. Fluoksetini, inayotumiwa kutibu mfadhaiko mkubwa, huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Wazazi wengine huiacha mapema wakidhani imeshindwa. Tena, katika wiki hizo za kwanza, baadhi ya vijana huweza kupata mawazo zaidi ya kujidhuru. Mzazi akiambiwa mapema, atamwangalia mtoto kwa karibu na kumrudisha hospitalini haraka.

La tatu ni faragha. Valproeti, dawa ya kifafa ambayo pia hutuliza hisia, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana aliyebaleghe anahitaji kuelezwa hilo pembeni, bila foleni nzima kusikia. Hata hivyo, asiache dawa ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani kifafa huweza kurudi kwa nguvu.

Mzazi ana haki ya kuuliza: Dawa hii ni ya nini? Itaanza kufanya kazi lini? Dalili gani ni za hatari? Nifanye nini mtoto akikosa kumeza?

Dawa zihifadhiwe mahali palipofungwa. Kwa msaada, piga simu bila malipo: 116 kwa masuala ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.