Majina Ndani ya Hifadhidata (4): Amana Aachiwayo Mgeni

Tangu toleo la 18 la PostgreSQL lilipotoka Septemba 2025, wengi wameisifu njia yake mpya ya kusoma diski, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi nimeona vema nizungumze juu ya kazi isiyosifiwa, nayo ni ya wale wakaguzi ambao, kabla kiraka hakijakubaliwa, humwuliza mwandishi wake: kigeu hiki umekiita hivi kwa maana gani?

Asili ya programu hii huria, kama nilivyokwisha kueleza, ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Michael Stonebraker na wenziwe waliianza mwaka 1986, na sehemu yake wakaiandika kwa lugha ya Lisp. Lisp iliondolewa zamani, lakini athari zake zingalipo: orodha tupu huitwa NIL hata leo, na lfirst, ambayo mgeni hudhani yaleta kitu cha kwanza katika orodha, huleta kilichomo katika kisanduku chochote ulichokishika, kiwe cha kwanza, cha saba au cha mwisho, atakaye cha kwanza hana budi kuita linitial. Mzoefu hakosei, lakini je, jina huwekewa mzoefu? Jina ni amana aachiwayo mtu ajaye, na kumwachia jina liongopalo ni kumdhulumu.

Dhuluma hiyo ilidhihiri zaidi katika saraka mbili, pg_xlog na pg_clog. Mafundi wa seva wamezoea kwamba kila kiitwacho log ni daftari la matukio, ambalo diski ikijaa hufutwa bila majuto. Ilhali humo ndimo zilimohifadhiwa kumbukumbu za miamala, ambazo pasipo hizo hifadhidata haiwezi kusimama tena baada ya kuanguka. Wako waliozifuta ili wapate nafasi, wakaangamiza kazi ya miaka. Ndipo mwaka 2017, katika toleo la 10, saraka zikaitwa pg_wal na pg_xact, na hata amri zilizobeba jina la kale zikabadilishwa, ingawa watu wengi walilazimika kurekebisha programu zao. Gharama ile naiona halali kabisa, na laiti ingalilipwa mapema.

Nafasi iliyobaki ni haba, nami vigeu vyenyewe sijavigusa. Chukua work_mem, kiwekacho mpaka wa kumbukumbu ya kupangia data: huhesabiwa kwa kilobaiti, hata megabaiti 4 za kawaida zimo kama 4096, wala jina halisemi hivyo, basi kila akitumiaye hana budi akumbuke kuzidisha kwa 1024 apate baiti. Kwa hiyo mkaguzi akikuta katika kiraka kipya kigeu kiitwacho size tu, na aulize: ni baiti, ni kilobaiti, au ni kurasa za baiti 8192? Mwandishi akisema ameyaeleza hayo pembeni, aombwe ayatie katika jina lenyewe, size_kb au nblocks, kwani maelezo hubaki pale kigeu kilipotangazwa, na msomaji aghalabu hukutana nacho mistari mia tatu mbele.

Juma lijalo: majina ya majedwali.