Cheni ya Pikipiki: Namna ya Kutambua Uchakavu na Kuchagua Nyingine

Katika kata zetu nyingi pikipiki ndiyo gari la mgonjwa usiku wa manane, ndiyo lori la mkulima mwenye magunia mawili ya mahindi, na ndiyo inayomfikisha afisa ugani shambani na mwalimu kituoni kwake. Pamoja na hayo, ni nadra kumkuta mwenye pikipiki anayeifahamu cheni ya chombo chake kama anavyoifahamu bei ya petroli. Tairi hukaguliwa kwa kuwa huonekana, na oili ya injini hubadilishwa kwa kuwa mafundi wamelihubiri jambo hilo miaka mingi. Cheni huachwa mpaka ikatike.

Kukatika kwa cheni si suala la kuchelewa safari peke yake. Mara nyingine cheni huanguka barabarani, na dereva akabaki na injini inayounguruma bila nguvu kufika gurudumu la nyuma. Huyo ana bahati. Mara nyingine hujikunja mbele, kwenye sproketi ndogo iliyo ubavuni mwa injini, ikaugonga ukuta wa injini na kuutoboa. Au hunasa kwenye gurudumu la nyuma na kulifunga ghafla, na hapo dereva na abiria wake huwa chini kabla hawajajua kilichotokea. Sisi wa karakana ya Halmashauri tumekwisha kupokea pikipiki iliyotobolewa injini kwa namna hiyo. Gharama ya kuchomelea aluminiamu, gasketi na oili mpya ilizidi kwa mbali bei ya seti nzima ya cheni. Tangu siku hiyo tunapima cheni ya kila pikipiki inayoingia karakana, hata kama imeletwa kwa ajili ya taa.

Watu husema cheni "imevutika". Neno hilo linapotosha kidogo. Cheni imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pini; kila pini huzunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi huzunguka rola inayokaa baina ya meno ya sproketi. Muundo huu ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, na kimsingi haujabadilika hadi leo. Katika matumizi ya kawaida mabamba hayavutiki. Kinachotokea ni kwamba vumbi na mchanga huingia baina ya pini na bushi, vikachanganyika na mafuta yaliyobaki na kuwa kama msasa. Pini huliwa, bushi huliwa, na nafasi kati yake huongezeka. Katika kiungo kimoja nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini cheni ina viungo zaidi ya 100, na vyote huchangia. Viungo 100 vikilegea kwa sehemu ya kumi ya milimita kila kimoja, cheni imekwisha kuongezeka sentimita nzima.

Kwa sababu hiyo uchakavu unaweza kupimwa kwa futi, na kila mwenye pikipiki anaweza kuupima mwenyewe. Pikipiki nyingi za ujazo wa sentimita 100 hadi 150 zinazotumika katika wilaya zetu hutumia cheni namba 428, ambayo umbali wa kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Viungo 20 vya cheni mpya, basi, vina urefu wa inchi 10 kamili, au milimita 254. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zima injini, weka gia, kisha lisukume gurudumu la nyuma kuelekea mbele kwa mkono hadi upande wa chini wa cheni ukazike. Chagua pini moja na uiite sifuri, hesabu pini 20 kutoka hapo, upime kitovu hadi kitovu. Tumia futi ya chuma ya seremala. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani nayo huvutika, na hapo utakuwa unapima uchakavu wa futi. Ukipata milimita 257, anza kutafuta fedha ya cheni nyingine. Ukipata 259, ambayo ni ongezeko la takriban asilimia 2, cheni hiyo imekwisha na haifai kukazwa tena. Rudia kipimo sehemu tatu tofauti, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa mahali pote.

Asiye na futi anaweza kwenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, mahali cheni inapogeuka, akaishika kwa vidole viwili na kuivuta kuelekea nyuma. Cheni nzima hukataa kuondoka kwenye meno. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, jibu limepatikana. Viungo vilivyokakamaa na kubaki vimekunjwa hata baada ya kupita kwenye sproketi, kutu nyekundu pembeni mwa pini, na rola iliyopasuka au kukosekana ni dalili ambazo hazihitaji kipimo chochote.

Jambo linalotuletea kazi nyingi zaidi karakana, na ambalo madereva wengi hulielewa kinyume, ni ukazaji. Dereva akisikia cheni inagonga huikaza mpaka iwe kama waya wa gitaa, akaridhika kwa kuwa kelele zimekwisha. Cheni inahitaji mchezo. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ukiisukuma juu na chini katikati ya upande wa chini, inatakiwa kucheza kati ya milimita 20 na 30. Kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Sababu yake ni hii. Mzigo unapopanda, springi hujikunja na mkono unaoshika gurudumu la nyuma hupanda. Umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma hubadilika katika kupanda huko, na huwa mrefu kuliko wakati wowote pale ambapo sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli ya nyuma viko katika mstari mmoja. Cheni iliyokazwa kikamilifu pikipiki ikiwa tupu hukosa pa kwenda abiria wanapokaa. Hapo huvuta shafti ya injini kwa nguvu, huua beringi na sili yake, na oili huanza kuchuruzika nyuma ya sproketi ya mbele. Wabebao mishikaki, pamoja na kuvunja sheria ya usalama barabarani, wanaikata cheni yao kwa namna hiyo kila siku. Pima mchezo huku ukilizungusha gurudumu, uutafute mahali cheni ilipokaza zaidi, na urekebishe kwa kufuata mahali hapo. Alama za vikazio vya kushoto na kulia zilingane, ili gurudumu lisikae upande.

Cheni iliyorefuka haikai tena vizuri kati ya meno. Hupanda juu ya jino na kulisaga upande mmoja, mpaka jino linapinda kama ndoano. Sproketi ya mbele ndiyo hufa kwanza: yenye meno 14 huzunguka mara tatu wakati ya nyuma yenye meno 42 ikizunguka mara moja, kwa hiyo kila jino lake hufanya kazi mara tatu zaidi. Ndiyo sababu hatukubaliani na desturi ya kununua cheni mpya na kuifunga juu ya sproketi za zamani kwa nia ya kubana matumizi. Meno yaliyopinda huila cheni mpya kwa kasi, na baada ya muda mfupi mwenye pikipiki hununua cheni ya pili. Nunua seti: cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma.

Dukani, uliza namba kabla ya bei. Tarakimu ya kwanza ya 428 huhesabu sehemu za nane za inchi: nne kwa nane, yaani nusu inchi tuliyoitaja. Tarakimu mbili zinazofuata zinahusu upana wa ndani. Cheni 420 ina umbali uleule wa pini, lakini ndani ina upana wa milimita 6.35 tu, wakati 428 ina milimita 7.94, sproketi ya 428 ni nene mno kuingia katika cheni ya 420. Kinyume chake huingia, na hapo ndipo wengi huuziwa kitu kisichofaa, kwa kuwa cheni pana juu ya sproketi nyembamba huyumba pembeni na kuchakaa vibaya. Namba 520 ni ya pikipiki kubwa zaidi, na pini zake ziko mbali zaidi. Herufi H baada ya namba, kama katika 428H, huonyesha kuwa mabamba ni manene zaidi. Kwa pikipiki ya kubeba abiria au mizigo katika barabara za changarawe, tunashauri H bila kusita.

Hesabu pia viungo vya cheni ya zamani, uvilinganishe na idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Ndefu hupunguzwa kwa kifaa cha kutolea pini. Fupi isirefushwe kwa kipande cha cheni ya zamani, kwa kuwa viungo vipya na vilivyochakaa havina umbali mmoja. Wapo wanaopenda kupunguza jino moja la sproketi ya mbele ili pikipiki ipande milima kwa wepesi. Inawezekana, na katika kata za milimani ina mantiki: kutoka 14 hadi 13, na 42 zikiwa nyuma, uwiano hupanda kutoka 3.0 hadi takriban 3.23. Lakini injini itazunguka zaidi kwa kila kilometa, na cheni itajikunja zaidi kwenye sproketi ndogo.

Zipo cheni zenye vipete vya mpira kati ya mabamba, vinavyofungia grisi ndani na kuzuia vumbi. Ni ghali, ni pana kidogo, na hudumu muda mrefu zaidi. Kabla ya kuinunua, hakikisha fundi amethibitisha kuwa ina nafasi ya kupita bila kugusa kava la injini au boksi la cheni. Kwa habari ya boksi hilo, tunasikitika kuona vijana wakiling'oa ili pikipiki ionekane ya kisasa. Halina uzuri, ni kweli, lakini ndilo linalozuia matope.

Cheni nzuri huwa na namba na alama ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye mabamba yake. Ilaze kwa upande, uishike ncha zake mbili na kuinyoosha: mpya isijipinde sana kwenda chini. Kunja kila kiungo, kisiwepo kinachokwama. Dai risiti ya kielektroniki hata kama muuzaji ni jirani, kwa kuwa bila risiti huna pa kuanzia ikiwa bidhaa ni bandia. Malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, na ya ubora hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania.

Katika kufunga, jambo moja husahauliwa hata na mafundi wenye uzoefu: klipu ya kiungo cha kufungulia. Upande wake uliofumba ndio utangulie katika mwelekeo ambao cheni inakwenda. Klipu ikiwa juu, upande uliofumba utazame mbele ya pikipiki, na mdomo ulio wazi utazame nyuma. Ikifungwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa. Usiitumie tena klipu ya zamani. Baada ya siku chache za kazi, pima mchezo upya, kwa kuwa cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni.

Kuhusu kulainisha, tuache kumwagia oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ina vumbi la chuma na masizi, ni nyepesi, na nyingi huishia kwenye tairi. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe si kwa petroli, kisha ifute na kupaka oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni, ili inapozunguka isukumwe kuelekea nje na kupenya kwenye viungo. Fanya hivyo jioni cheni ikiwa na joto, ili oili ipate usiku mzima wa kuingia. Rudia kila kilometa 500, na mapema zaidi baada ya mvua au matope. Kwa anayekwenda kilometa 100 kwa siku, hiyo ni kila baada ya siku tano.

Kazi hii yote ifanywe injini ikiwa imezimwa. Wapo wanaowasha injini, wakaweka gia na kushikilia kitambaa kwenye cheni inayozunguka ili kazi iishe haraka. Kitambaa hushikwa, na vidole hufuata kwenye sproketi. Lizungushe gurudumu kwa mkono, ufunguo ukiwa mfukoni mwako na si kwenye swichi, watoto wakiwa mbali.

Vikundi vya vijana vilivyopata pikipiki kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, pamoja na vyama vya bodaboda vya kata, vinavyotaka kuonyeshwa upimaji na ufungaji kwa vitendo, viwasilishe maombi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kila kikundi kije na pikipiki moja yenye cheni iliyochakaa na futi moja ya chuma.