Klachi Huungulia Wapi?

Injini ya dizeli haiwezi kusimama huku inavuta. Mizunguko yake ikishuka chini ya 500 hivi kwa dakika inazima, na ikishazima haisukumi hata baiskeli. Kwa hiyo kila safari, iwe ya Hiace inayotoka Shinyanga mjini kwenda Tinde au ya Fuso lililoshiba mawe ya dhahabu kutoka Nyarugusu, huanza na tatizo lile lile: shafti ya injini inazunguka mara 700 au 800 kwa dakika, shafti ya giaboksi imetulia tuli, na lazima zishikane bila kuvunjana.

Treni ya mvuke haikuwa na shida hiyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na vichwa vya mvuke viling'oa mabehewa stesheni bila klachi ya aina yoyote, kwa sababu mvuke husukuma pistoni hata kama magurudumu bado hayajajongea. Treni ya umeme ya SGR inayokwenda Dodoma tangu 2024 nayo haina klachi, maana mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha ikiwa bado imesimama. Wanaodai klachi ni hawa wanaochoma petroli na dizeli ndani ya silinda, yaani karibu kila chombo kinachopita barabara za Kahama, Katoro na Geita.

Fundi akishusha giaboksi, kitu cha kwanza kinachomtazama ni presha pleti. Imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma cha kusubu lililo nyuma ya injini, kwa hiyo injini ikizunguka, presha pleti na flaiwili huzunguka pamoja daima. Katikati yao imebanwa klachi pleti, ambayo haikufungwa kwenye injini hata kidogo. Tundu lake la katikati lina meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi. Ikibanwa, giaboksi inazunguka na injini. Ikiachiwa, kila mmoja anabaki na lake.

Pleti hii inastahili kutazamwa mkononi kabla haijafungwa, maana ina mambo zaidi ya yanayoonekana. Pande zake mbili zimevikwa laini, mchanganyiko wa nyuzi, gundi ngumu ya kikemikali na pengine vipande vya waya wa shaba, unene wa milimita 3 hadi 4 kila upande ikiwa mpya. Chini ya laini kuna mabati membamba yenye mawimbi. Hayo ndiyo yanayofanya klachi ishike polepole badala ya kudaka ghafla. Karibu na kitovu kuna springi fupi nene, nne au sita, zimelala kwa kuzunguka. Kazi yake ni kumeza mapigo ya injini: dizeli ya silinda sita hupiga mara tatu katika kila mzunguko, na bila springi hizo kila pigo lingefika kwenye meno ya giaboksi jinsi lilivyo. Lori linalogongagonga likiwa sailensa, kisha likanyamaza dereva akikanyaga klachi, huenda springi zake zimechoka.

Kinachobana ni springi ya presha pleti. Katika magari mengi ya leo ni sahani moja ya chuma iliyochanwa vidole kuelekea katikati. Vidole vikisukumwa ndani, ukingo wa nje unanyanyuka na pleti inakuwa huru. Anayesukuma ni rilizi beringi, ikiongozwa na uma wa chuma. Uma husukumwa na mafuta ya breki yanayotoka masta ya juu penye pedeli hadi masta ya chini ubavuni mwa giaboksi. Gari dogo la zamani na pikipiki hutumia waya tu. Tambua jambo moja hapa: mguu wa dereva haubani klachi. Unaifungua. Springi ndiyo inayobana, saa zote, bila kuchoka, na dereva anayependa kupumzisha mguu juu ya pedeli anaipunguzia nguvu bila kujua.

Nguvu ambayo klachi inaweza kupitisha hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, kiwango cha msuguano wa laini, nguvu ya springi, na umbali wa laini kutoka katikati. Tuchukue springi inayobana kwa nyutoni 6000, ambao ni kama uzito wa kilo 600, laini yenye msuguano wa 0.3, umbali wa wastani wa sentimita 10, na nyuso mbili. Jibu ni nyutoni-mita 360. Injini ikitoa chini ya hapo, klachi inashika. Ikitoa zaidi, au msuguano ukishuka kwa sababu ya mafuta au joto, pleti inateleza, na mafundi wanasema klachi inasilipu.

Kuteleza si ugonjwa peke yake. Ndiyo kazi ya klachi. Kila gari linapoondoka, kuna sekunde moja au mbili ambapo flaiwili inakwenda kasi kuliko pleti, na hapo ndipo laini huliwa. Gari likishakuwa katika gia na mguu umetoka kwenye pedeli, klachi inaweza kukimbia kutoka Isaka hadi Dar es Salaam isipoteze kitu. Maisha yake yote hupimwa katika zile sekunde za nusu klachi.

Fizikia ina kanuni ya kupendeza kuhusu sekunde hizo. Dereva akiishikilia injini katika mizunguko isiyobadilika mahali tambarare, joto linalozaliwa ndani ya klachi ni sawasawa na nishati ya mwendo ambayo gari limepata. Fuso lenye tani 16 pamoja na mzigo, likiondoka gia ya kwanza na klachi ikashika sawasawa katika kasi ya kilomita 7 kwa saa, huacha kilojouli 30 hivi kwenye pleti. Lori hilo hilo likiondoka gia ya pili, tuseme klachi ikashika katika kilomita 13 kwa saa, joto ni zaidi ya kilojouli 100. Kasi inaingia kwenye hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana gia moja tu imezidisha joto zaidi ya mara tatu. Madereva wanaosifiwa kwa kuondoka na gia ya pili ili kuwahi wanawasha moto ambao mwenye gari ndiye atakayeulipia.

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita una mahali pawili ambapo hesabu hii huharibika kabisa. Pa kwanza ni vilima vya Geita. Miamba yenye dhahabu huko ni migumu, mmomonyoko umeiacha ikiwa imesimama, na barabara za kwenda kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, hupanda nayo. Lori likisimama katikati ya mwinuko, dereva mwenye haraka hulizuia lisirudi nyuma kwa kubalansi: mguu mmoja kwenye mafuta, mwingine umeshika klachi nusu. Lori halisogei, kwa hiyo nguvu yote inayoingia kwenye klachi inageuka joto. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20, tani zile zile 16, gia ya kwanza, injini katika mizunguko 1200: unapata takribani kilowati 14, kama pasi 14 za umeme zimewashwa ndani ya kasha lililofunikwa. Nusu dakika ya kubalansi hivyo inakula klachi sawa na kuondoka mara 14 mahali tambarare.

Joto likipita kiasi, kama nyuzi 250 au 300, ile gundi ya laini huanza kuoza. Harufu kali inayopanda hadi kwenye kebini ndiyo hiyo. Gundi inapooza msuguano unashuka, pleti inateleza zaidi, joto linaongezeka. Ndiyo sababu klachi iliyofanya kazi miaka mitatu inaweza kufa alasiri moja. Dhidi ya haya yote, dawa ya zamani ni gogo la utingo. Yule kijana anayeruka chini na kusukuma gogo nyuma ya tairi, dereva akaweka breki na kutoa mguu kwenye klachi, anaokoa pleti kuliko fundi yeyote wa mjini, na sidhani kama kuna mwenye Fuso amewahi kumlipa kwa hilo.

Pa pili ni mbuga za Shinyanga. Wakulima wa Kisukuma hutofautisha vizuri luseni, kichanga cha sehemu za juu, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio mabondeni. Mbuga ikinyeshewa huvimba na kunata. Kwenye lami tambarare, kulisukuma lori kunahitaji nguvu isiyozidi asilimia 1 au zaidi kidogo ya uzito wake. Kwenye tope laini hupanda kupita asilimia 10, kama vile lori linapanda mlima mkali, ila mlima wenyewe hauonekani. Kisha linakwama, na dereva anaanza ile mbele-nyuma, mbele-nyuma ya kulichomoa. Kila badiliko la gia ni kuondoka upya, tena bila upepo wa mwendo wa kupoza kasha la klachi. Jembe na matawi chini ya tairi vingemaliza kazi kwa robo saa.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Kasha la klachi kavu lina matundu ya hewa, na dhahabu ya ukanda huu hukaa mara nyingi ndani ya mishipa ya kwazi. Kwazi ni namba 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ngumu kuliko chuma cha flaiwili. Gari linaloshinda karibu na karasha la kusagia mawe hukusanya unga wake. Fundi asipulize kasha kwa kompresa huku amesimama mbele yake: vumbi la kwazi huharibu mapafu, na laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ni mbaya zaidi.

Kuna jambo ambalo huwashangaza hata wenye uzoefu. Pleti inapokwisha, vidole vya springi havirudi ndani. Vinatoka nje kuifuata rilizi beringi. Kwa gari la waya, hii ina maana kwamba ule ulegevu mdogo wa pedeli unapungua mwezi hadi mwezi, na klachi inaanza kushika juu. Asiyerekebisha waya mwishowe ana beringi inayosukuma vidole muda wote, springi haibani sawasawa, na pleti iliyokuwa na nusu ya laini inaungua. Laini ikiisha kabisa, ribiti zinazoishikilia zinachimba flaiwili, na hapo lazima ipelekwe kwenye lezi kusawazishwa. Kufunga pleti mpya juu ya flaiwili yenye mifereji ni kutupa pesa. Kuifunga huku oil sili ya nyuma ya injini inavuja ni kutupa pesa hizo mara mbili.

Masikio hutambua mengine. Mlio unaoanza ukikanyaga pedeli ni wa rilizi beringi. Unaopotea ukikanyaga ni wa beringi ya shafti ya giaboksi. Gia zikigoma kuingia na kulia, klachi haikati, na kagua mafuta ya masta kabla hujashusha chochote. Injini ikipandisha sauti mlimani bila kasi kuongezeka, inasilipu. Mwenye gari aliyepakia tani mbili za ziada hupenda kusema dereva hajui klachi. Joto la kuondoka hukua sambamba na uzito, na tani mbili hizo hazikupakiwa na dereva.

Malori makubwa ya migodini yameukimbia mtego huu wote. Caterpillar 785 hubeba karibu tani 136, na hakuna pleti kavu ambayo ingeondoka na mzigo huo mara nyingi kwa siku kutoka shimoni. Humo kuna toki konvata, wazo ambalo Mjerumani Hermann Föttinger aliliwekea hataza mwaka 1905: feni mbili zinatazamana ndani ya mafuta, moja inazungushwa na injini, nyingine inasukumwa na mafuta yanayorushwa. Feni hazigusani, kwa hiyo hakuna laini ya kuungua. Joto linabaki kwenye mafuta, na mafuta hupelekwa kwenye kipoza. Baada ya lori kushika mwendo, klachi ndogo ya ndani huzifunga feni hizo pamoja ili dizeli isipotee.

Bodaboda anayebeba viroba vya mawe kutoka duarani naye anatumia klachi inayooga mafuta, ingawa ya namna nyingine. Katika mafuta msuguano hushuka hadi karibu 0.1, theluthi ya ule wa pleti kavu. Ukirudi kwenye ile hesabu ya vitu vinne, njia ya kufidia ni kuongeza nyuso, na ndivyo walivyofanya: pikipiki ndogo ina pleti za laini nne au tano zilizopishana na za chuma, nyuso nane hadi kumi ndani ya kikapu kinachoenea kiganjani. Mafuta hayo hayo ya injini ndiyo yanayozipoza, na hapa wengi huumia. Mafuta mengi ya magari ya petroli huongezewa kemikali za kupunguza msuguano, nzuri kwa injini, ila kwa klachi ya pikipiki ni kuipaka utelezi. Wajapani waliweka viwango vya jambo hili mwaka 1998. Kopo lenye maandishi JASO MA au MA2 linafaa klachi ya namna hii. Lenye MB ni la skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya mafuta hayo.